Bakapu kwenye flashi moja inatosha?

Muuliza: Wakuu, mafaili yote ya kazi nimeyakopi kwenye flashi, nayo inashinda imechomekwa kwenye kompyuta. Si inatosha?

Mdau 1: Haitoshi mkuu. Virusi vya kudai fidia, kama ile WannaCry ya 2017, vinafunga mafaili ili ulipe ndo yafunguliwe, hata yale ya kifaa kilichochomekwa, flashi nayo inaenda na maji. Weka kopi 3, vifaa aina 2, moja ikae mbali kabisa.

Mdau 2: Na ujaribu kuzifungua, mi nilijiona mjanja na diski yangu, siku ya siku naifungua nakuta mafaili yote KB 0, matupu kabisa 😅

Muuliza: Duh! Na paswedi nimeibandika chini ya kibodi, hiyo vipi?

Mdau 1: Bandua kwanza ndo tuongee.