Risasi za dukani au za kujaziwa na mtu, mngechukua zipi?

MkulimaMaramba
Wadau habari za jioni. Nina raifo ya .30-06 (ndo saizi ya risasi yake), leseni ipo, ya kulindia shamba huku Mkinga maana nguruwe pori wameshatumaliza, mihogo hailali. Sasa kuna mzee mmoja mwindaji wa zamani, naye ana .30-06 yake, ana boksi mbili za risasi alizojaza mwenyewe kwa mkono, kaniambia nichukue tu bure, yeye anazipiga siku zote na anasema zinapiga pale pale kuliko za dukani. Za dukani bei yake mnaijua. Nyie mngechukua zipi?

fundi_ngamiani
Za dukani mkuu, funga mjadala. Mzee akipitiwa akamimina baruti mara mbili kwenye ganda moja, bunduki inakupasukia usoni.

BabuPongwe
Fundi hilo lipo ila si kwa .30-06. Ganda lake likijazwa baruti yake ya kawaida karibu linajaa, ukimimina mara ya pili inamwagika mezani na hata kipofu ataiona. Mara mbili ni ugonjwa wa risasi za bastola, pale kipimo ni kiduchu na ganda lina nafasi kibao. Kwenye raifo mimi naogopa vingine, baruti siyo yenyewe, yaani katia ya bastola inayoungua haraka, au ganda limeshapigwa na kujazwa mara nyingi mpaka limechoka linakatikia karibu na kitako. Na kubwa kuliko yote, mzee kazipimia bunduki YAKE. Wanaojaza wanaanza chini wanapanda kidogo kidogo huku wanaangalia fataki, kile kiwashio cha kwenye kitako, imebonyea vipi na bolti, lile komeo la bunduki, inafunguka laini au inakaza, wakifika pazuri wanasimama hapo. Huko aliposimama yeye, kwa chemba yako, pale risasi inapokaa, inaweza kuwa kikomo kimeshapitwa zamani. Ndo maana kwake zinapiga pale pale, hajakudanganya.

kijana_segera
Shikamoo babu. Nikizipima moja moja kwenye mizani ya dhahabu si nitaiona yenye kasoro?

BabuPongwe
Marahaba mwanangu. Hutaiona. Maganda yenyewe yanapishana uzito hata kama ni ya kiwanda kimoja, utofauti wa baruti unajificha humo humo. Halafu mizani haikwambii ni baruti gani.

dada_chumbageni
Mnaongelea baruti tu, sheria je? Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, risasi hupeani kama maembe ya Muheza. Hata Marekani ambako watu kujaza nyumbani ni kitu cha kawaida, akitaka kuwauzia wengine anatakiwa leseni ya serikali. Pita polisi kwanza kaka.

fundi_ngamiani
Hapo dada umenena. Na za dukani zina namba ya toleo kwenye boksi, kiwanda kikigundua kasoro wanatangaza zirudishwe. Za mzee utamrudishia nani? Viwanda vingi vya bunduki vimeandika kabisa kwenye kitabu, ukipiga risasi za kujaziwa warantii imekufa.

mwana_pangani
Nimefanya kazi na wawindaji kambini, wageni wanakuja na zao walizojaza kwao kwenye baridi. Sasa uziache kwenye gari jua la saa nane, baruti nyingine zikipata moto presha inapanda, na .30-06 kikomo chake ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, kama mtu alishajaza mpaka kwenye kikomo hicho nafasi ya joto letu hakuna. Wazungu wa zamani walilijua hili, .416 Rigby ya 1911 waliipa ganda kubwa ili presha iwe ya chini. Kingine, ukisikia imetoa "pff" badala ya mshindo, ACHA HAPO HAPO. Mtutu uelekee pembeni kwa usalama, subiri kidogo, toa risasi zote uangalie kama kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili nyuma yake mtutu unachanika.

MkulimaMaramba
Aisee nashukuruni. Ila mzee nitamwambiaje, ataona namdharau.

BabuPongwe
Mwambie bunduki yako nzee chemba imelika, atakuelewa, mtu anayejaza analijua hilo kuliko sisi. Mwenyewe muulize za mwenzake angepiga? Wengi wao hawapigi. Kama anataka kukusaidia azivunje kwake, baruti aitupe, vichwa abaki navyo.

kijana_segera
Na za shotigani babu? Jirani ana maganda ya njano yamejazwa upya.

BabuPongwe
Njano ni geji 20, nyembamba kuliko ya 12. Kama yako ni geji 12 usiyaweke hata mfuko mmoja, ile inateleza inakwama mbele ya chemba, we unaona tupu unaweka ya 12, kwisha habari. Fungua uzi wako tuongee, huu wa mwenzio.