Timu ya besiboli ya watoto Kisumu: wanashindwa kila mechi na sasa wanalaumiana

Kocha wa Nyalenda (Kisumu)

Hamjambo nyote. Ninawafundisha besiboli watoto wa miaka 11 na 12 hapa Nyalenda, wengi wao wakiwa wale ambao hawakuchaguliwa katika timu za kandanda za shule zao, na kila tunapokutana na timu nyingine tunashindwa kwa tofauti kubwa. Kushindwa kwenyewe hakunisumbui sana, kwa kuwa wapinzani wetu walianza mapema na wana glavu za kutosha, ilhali sisi huazima glavu za wapinzani wanapokwenda kupiga. Kinachonisumbua ni kwamba mpira ukimpita mtoto mmoja, wengine husimama wakimtazama, na lawama huanza kabla mpira haujaokotwa. Wavulana wawili wenye uwezo wanataka kurusha, yaani kumtupia mpigaji mpira, kila siku na hawamwamini mtu mwingine. Waliobaki wameshakubali moyoni kwamba wamekuja kujaza nafasi. Nimewahutubia kuhusu umoja hadi nimechoka kujisikiliza. Walimu wenzangu, nianzie wapi?

Mwalimu wa Michezo (Kakamega)

Kocha, hotuba ziweke kando kwa muda. Umoja katika besiboli ni kazi ya miguu, kwa maana kila mpira unapogongwa wachezaji wote tisa wana mahali pa kwenda, na asiyepajua mahali pake ndiye anayepata nafasi ya kusimama na kulaumu. Mchukue yule wa uwanja wa kulia, ambako kwa desturi makocha humficha mtoto dhaifu kuliko wote. Kila mpira unaporushwa kuelekea besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia aliyepiga, yeye anapaswa kuwa ameshakimbia hadi nyuma ya besi hiyo, kwa sababu katika umri huo mirusho mingi hupotea na mkimbiaji huendelea hadi besi ya pili au ya tatu bila jasho. Mtoto anayeuwahi mpira uliopotea ameokoa alama, hata kama gongo lake halijagusa kitu msimu mzima. Vivyo hivyo, mpira ukigongwa upande wa kulia na mlinzi wa besi ya kwanza akatoka kuufuata, ni wajibu wa mrushaji kukimbia kuifunika besi iliyoachwa wazi. Wafundishe haya kwanza bila mpira, wewe ukitaja tu ulikogongwa nao wakikimbia. Mechi ikiisha, anza kwa kumtaja aliyekuwa nyuma ya mwenzake. Waliopiga vizuri tayari wanajijua.

Kuhusu wale wawili, kanuni zitakusaidia. Katika Little League, shirika la kimataifa la besiboli ya watoto, mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidisha mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzika siku 4. Lengo ni kuulinda mkono wa mtoto, lakini matokeo yake ni kwamba timu yenye warushaji wawili tu haiwezi kumaliza mashindano ya wiki moja. Watafute wengine, na usiwasahau wasichana wanaocheza kati, ule mchezo wa kumlenga mtu kwa mpira, kwa kuwa aliyezoea kumlenga mtu anayekwepa hatashindwa kuilenga glavu iliyotulia.

Jirani wa Mpakani (Busia)

Wasimulie watoto habari za Lugazi, mji ulio kwenye barabara hii hii inayotoka hapa kwetu kwenda Kampala. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania, Marekani. Ilishindwa mwanzoni, kisha ikaishinda timu ya Oregon 3-2. Mwaka 2015 watoto wengine wa Uganda, wa Mukono, waliishinda Jamhuri ya Dominika 4-1, nchi ambayo besiboli ndiyo mchezo wake mkuu. Hata hivyo, usiache kutaja mwaka 2011, ambapo Waganda walifuzu lakini wakanyimwa viza kwa sababu ya dosari katika nyaraka zao. Kusanya vyeti vya kuzaliwa mapema.

Mzazi wa Nakuru

Kwa heshima zote, ndugu wa Busia, sidhani kwamba mtoto anayeogopa mpira wa Jumamosi atatibiwa na habari za Pennsylvania. Anachohitaji ni kipimo anachoweza kukifikia. Ted Williams, mpigaji maarufu wa Marekani, alimaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa upigaji wa 0.406, na hadi leo unatajwa miongoni mwa misimu mikubwa ya upigaji, ilhali maana yake ni kwamba katika majaribio kumi alikosa pigo salama karibu mara sita. Mtoto akipimwa kwa mapigo peke yake, atajiona hafai hata akiwa anaendelea vizuri. Mpime kwa uamuzi wake: je, aliuacha mpira mbaya upite, na aliupiga mzuri bila kusita? Halafu, kocha, zungumza na sisi wazazi. Tunasimama kando tukipaza sauti "piga, piga" kwa kila mpira, hata unaotua mavumbini, na mtoto anamtii mzazi kuliko macho yake.

Kocha wa Nyalenda (Kisumu)

Nawashukuru sana. Zoezi la kukimbia bila mpira nitalianza wiki hii, na wazazi nitawaita. Swali langu moja limebaki, Mwalimu: wale wavulana wawili niwape kazi gani siku ambazo hawarushi, wasije wakanuna na kuwavunja moyo wenzao?

Mwalimu wa Michezo (Kakamega)

Mmoja akirusha, mwingine adake nyuma ya mpigaji. Mdakaji ndiye pekee anayeuangalia uwanja wote kwa mbele, kwa hiyo mpe jukumu la kuwapangia wenzake nafasi na kutangaza kwa sauti mpira urushwe besi gani. Hawezi kuifanya kazi hiyo bila kuwategemea. Zingatia tu kwamba aliyerusha mara 41 au zaidi haruhusiwi kudaka siku hiyo, na aliyedaka zamu nne (innings) za mechi haruhusiwi kurusha. Kwa hiyo mwandae mdakaji wa tatu tangu sasa, na ikiwezekana awe yule wa uwanja wa kulia.