Mbwa wangu anabwekea kila mgeni, msaada jamani

mama_nyegezi: Wakuu habari za jioni, nina mbwa hapa Nyegezi, akisikia geti tu anabweka mpaka mgeni anaghairi kuingia, juzi shemeji kaishia nje ananipigia simu nikampokee. Nikimkaripia ndo anazidi. Nifanyeje?

jiwe_la_bismarck: Ukimpigia kelele anaona na wewe unabweka naye 😂 chukua dagaa wakavu wasio na chumvi weka karibu na mlango, muombe jirani apige hodi, akinyamaza hata sekunde 2 mpe hapohapo, ukichelewa hajui kapewa kwa lipi. Mgeni asimkazie macho wala asimfuate, amwache anuse mwenyewe

kirumba_boi: Unamfunga mnyororo kutwa? Mbwa wa hivyo lazima awe mkali, mtembeze asubuhi azoee watu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka dada

mzee_wa_sato: Mi wangu nataka abweke, vibaka wamejaa mtaani, ila akiona nimemsalimia mtu anyamaze basi

mama_nyegezi: Asanteni, dagaa ninao kibao. Jirani keshakubali ila kasema mbwa afungwe kamba kwanza 😅