Zai na mstari wake

Mama Zai: Jamani mpo? Zai karudi na daftari la Kiingereza kapata 4 kwa 10 analia tu, wameambiwa wakate mstari kati ya subjekti na prediketi, na mimi mwenyewe nimeshasahau hata ni nini

Mama Zai: [picha]

Anko: Subjekti ni kiima, prediketi ni kiarifu. Kiima ndo mtenda, kiarifu ndo alichotenda. Imeisha hiyo shemeji

Shangazi: Haijaisha

Anko: Ticha kaamka 😂

Shangazi: Angalia namba 6 kwenye picha, "The cup was broken by the boy". Mtenda nani?

Anko: Boy

Shangazi: Na Zai kaandika hivyohivyo akakosa. Kiima hapo ni "The cup" maana sentensi inakisema kikombe, vilivyobaki vyote "was broken by the boy" ni kiarifu. Hata kwetu, kikombe kilivunjwa na mtoto, hiyo ki- ya kikombe au ya mtoto?

Anko: 🙊

Babu: Marahaba wote, na nyie msioniamkia

Mama Zai: Shikamoo baba 😂 samahani tuko darasani. Wifi namba 3 je? "The box of books is heavy", yeye kakata mstari baada ya box

Shangazi: Hapo kawahi kukata. "of books" iko mgongoni kwa box, haishuki. Mwambie aanze na kitenzi, hapo ni "is", halafu aulize nini "is heavy"? Jibu zima lote "The box of books" ndo kiima, mstari unakaa kabla ya "is". Na akitaka kujua mkubwa humo ndani nani aiseme kwa Kiswahili, sanduku la vitabu ni zito, hasemi vizito. Kwa hiyo "is", siyo "are", hata vitabu viwe mia

Mama Zai: Anasema kumbeee

Mama Zai: Na hii ya chini kaichora mwenyewe, "My father he is coming", ticha kaizungushia "he" kwa nyekundu

Shangazi: Huo sasa ni ugonjwa wetu wote, mimi nafundisha miaka yote hii nauona kila darasa. Sisi tukisema baba anakuja ile a- imejibanza ndani ya kitenzi inamrudia baba, na hata ukimtoa baba ukabaki na anakuja bado ni sentensi kamili, sasa mtoto akihamia Kiingereza anahama na a- yake anaigeuza "he", ndo unapata baba wawili kwenye sentensi moja. Kitenzi cha Kiingereza hakina hicho kimfuko, kiima kinasimama nje na kinatajwa mara moja, ama "My father is coming" ama "He is coming", chagua. Na wengine wanaugua upande wa pili wanakiacha kabisa, wanaandika "Is raining" kwa sababu sisi tunasema inanyesha tukamaliza

Babu: Wao wanasemaje

Shangazi: "It is raining" baba

Babu: Hiyo It ndo nani anayenyesha?

Shangazi: Hakuna mtu baba, imewekwa ikalie kiti kisibaki wazi

Babu: Haya. Lugha za watu

Mama Zai: Zai kachukua simu anaandika yeye

Mama Zai: shikamoo shangazi shikamoo babu. "Sit down!" mstari naweka wapi

Shangazi: Marahaba mwanangu. Huweki popote, yote ni kiarifu. Kiima ni "you" kimefichwa, ukimwambia mtu kaa chini anajua anaambiwa yeye

Mama Zai: na hii "There are two pens on the desk" kiima ni there?

Shangazi: Hapana mama, there imetangulizwa tu. Nini viko mezani? "two pens", ndo maana wakasema "are". Ingekuwa kalamu moja ingekuwa "There is"

Anko: Hii hata mimi ningesema there

Shangazi: Tumeona

Shangazi: Zai tunga yako moja, kiima kiwe kirefu, ukate mstari mwenyewe

Mama Zai: subiri

Mama Zai: "My uncle with many wrong answers / is laughing"

Anko: We mtoto!! Na umekosea, answers ziko nyingi hapo ilitakiwa "are"

Mama Zai: anko ni mmoja tu

Babu: 😂😂😂