Protini iliyokwisha kumeng'enywa: inamfaa mgonjwa wa kongosho?

MamaNuru: Wakuu, baba kafanyiwa upasuaji wa kongosho. Akila nyama kidogo tumbo linajaa, choo kina mafuta, kinaelea. Duka la dawa wananiuzia kopo la protini iliyokwisha kumeng'enywa, bei yake ukiisikia unakaa chini. Inasaidia kweli au napigwa?

Mkongwe: Unapigwa. Mpe supu ya kongoro.

NesiTanga: Pole na mgonjwa, dada. Si utapeli. Kongosho ndilo linalotoa tripsini, kimeng'enya cha kukatakata protini. Hiyo ya kopo imeshakatwa kiwandani kuwa peptidi fupi, yaani vipande vya protini, na zenye asidi amino (vijenzi vya protini) mbili au tatu utumbo hufyonza moja kwa moja. Ila soma lebo: ikiwa kolajeni tupu, ile protini ya ngozi na mifupa, iache. Kolajeni haina triptofani, asidi amino ambayo lazima itoke kwenye chakula, hivyo haitoshi peke yake (na kongoro lako, Mkongwe, ni kolajeni hiyohiyo). Halafu choo cha mafuta kinaonyesha hata mafuta hayameng'enywi. Muulize daktari wake kuhusu vidonge vya vimeng'enya vya kongosho. Humezwa wakati wa kula. Vikimkubali, huenda akarudia samaki wake wa kawaida na hela ya kopo ikabaki mfukoni.

MamaNuru: Lebo inasema protini ya maziwa. Kaonja katema, eti chungu kama mwarobaini!

NesiTanga: Ndivyo zilivyo peptidi. Ipoze kwenye friji, anywe kwa mrija, kidogokidogo. Na kama figo zina shida, usimwanzishie kabla daktari hajakubali.