Mjadala: Katibu aliyeandika kwa niaba ya Rais, lawama ni ya Rais peke yake?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo la zaidi ya miaka 230 iliyopita, lakini tangu nilisome halijanitoka kichwani.

George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na katibu binafsi aitwaye Tobias Lear, kijana wa Portsmouth, New Hampshire, msomi wa Harvard. Aliingia nyumbani kwa Washington mwaka 1786. Alifundisha wajukuu wa Bi. Martha, mke wa Washington, alitunza hesabu, na zaidi ya yote aliandika barua za mzee. Mwaka 1790 makao ya serikali yakahamia Philadelphia, na Washington akahamia huko na baadhi ya watumwa wake. Hapo ndipo shida ilipoanza. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilisema mtumwa aliyeletwa na mgeni akikaa jimboni miezi 6 mfululizo, anaweza kudai uhuru wake.

Aprili 1791 Rais yuko ziarani majimbo ya kusini. Mwanasheria Mkuu, Edmund Randolph, akaja kumtahadharisha Bi. Martha: watumwa watatu wa Randolph mwenyewe wamemwambia watadai uhuru, basi nanyi mjihadhari. Lear akaliandika hilo, akampelekea bosi wake. Jibu likatoka Richmond, Virginia, Aprili 12: warudishwe kwetu Virginia kabla miezi haijatimia, kwa kisingizio kitakachowadanganya wao na umma pia, na siri hii ajue wewe na Bi. Martha tu.

Lear akajibu Aprili 24. Akaeleza mipango inavyokwenda, kisha akaongeza maneno yake mwenyewe: hakuna kitu ambacho kingemfanya achukue hatua za kurefusha utumwa wa binadamu, kama asingekuwa na imani kamili kwamba siku moja wataachiwa huru, na kwamba kwa sasa hali yao kwa Washington ni nzuri kuliko ambayo wangeipata wakiwa huru.

Kurefusha utumwa wa binadamu. Hayo kayaandika yeye kwa mkono wake, na kazi akaendelea nayo. Msimamo wangu: Lear ana lawama yake binafsi, hawezi kujificha nyuma ya "kwa niaba ya". Karibuni.

Mchangiaji, Dodoma

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni katibu muhtasi mstaafu, na nimekaa mezani miaka mingi. Ngoja nikueleze barua inavyotoka. Bosi anaandika kwa mkono, mwandiko wa kukimbia, wino mwekundu pembeni. Unachapa: Kumb. Na. juu, "Yah:" unaipigia mstari, unapeleka asaini, unagonga muhuri, nakala unaweka kwenye faili. Hakuna mahali unapoulizwa unaonaje.

Kuna siku nilichapa barua ya kumwachisha kazi mama mmoja aliyekuwa akituletea chai kila saa 4. Sababu iliyoandikwa haikuwa ya kweli, na nilijua. Nilikosea karatasi tatu kwa sababu vidole vilikuwa vinatetemeka. Saa 4 akaingia na birika kama kawaida, akaniwekea kikombe, akanitania kwamba leo nimenuna. Barua ilikuwa chini ya faili, hatua moja kutoka mkono wake. Sikumwambia.

Ningekataa angechapa mwingine, na mimi nilikuwa na watoto wa kusomesha. Kwa hiyo huyo Lear namuelewa. Tena yeye angalau aliandika neno la dhamiri yake, mimi sikuandika hata hilo. Mwenye barua ni mwenye sahihi.

Mchangiaji, Mombasa

Namuunga mkono dada wa Dodoma, na naongeza. Lear alisema ana imani wataachiwa huru, na hakukosea. Wosia wa Washington ndio ulioamuru watumwa wake 123 waachiwe huru, na Januari 1, 1801 Bi. Martha akawaachia huru. Mtu aliyetabiri kweli, mbona tumsulubishe?

Mchangiaji, Pennsylvania

Nduguyo wa Mombasa, hapo naomba nikusahihishe kwa upole. Wosia uliwahusu watu waliokuwa mali ya Washington mwenyewe. Wengine 153 pale Mount Vernon, shamba la Washington kule Virginia, walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa Bi. Martha, na wosia haukuwagusa. Wakagawanywa kwa wajukuu wake. Sasa angalia waliokuwa Philadelphia: Austin, Ona Judge, Christopher Sheels, wote wa urithi. Austin ndiye aliyetangulizwa Virginia Aprili ile, akaambiwa anakwenda kuwaona mkewe na watu wake. Alikufa Desemba 1794, bado mtumwa. Imani ya Lear haikumsaidia chochote.

Halafu tusiseme ilikuwa desturi ya wakati ule tu. Sheria ilikuwepo, na ilirekebishwa mwaka 1788 kuziba mianya. Watu waliokuwa wakiishi jirani na nyumba ile waliijua. Hata kuvuka mto Delaware kuingia New Jersey kulihesabiwa kuwa kunatosha kukata miezi, ndiyo maana mpango wote ulikwenda kwa kalenda.

Mchangiaji, Arusha

Jambo moja mnalisahau. Tunajua haya yote kwa sababu barua zilitunzwa. Washington alitaka siri, na bado karatasi zipo. Katibu mwovu kabisa angezichoma.

Mleta mada

Wakuu, nimesoma zote. La Arusha nalikubali nusu. Karatasi za Washington zilikaa mikononi mwa Lear baada ya kifo cha mzee mwaka 1799, na wapo wanahistoria wanaomshuku kwamba zile zilizopungua zilipungulia kwake. Kwa hiyo sifa ya utunzaji nasita kumpa yote.

Dada wa Dodoma, marahaba, na pole. Sikukusudia kukutonesha. Lakini wewe ulichapa. Lear hakuwa anachapa, alikuwa anapanga: nani aondoke lini, kwa kisingizio gani, nani asijue. Na kwamba angekataa angefanya mwingine, tunaye mtu wa kumpima naye. Ona Judge alitoroka Mei 21, 1796, familia ikiwa mezani kwa chakula. Akafika Portsmouth, mji uleule alikozaliwa Lear. Ombi la kumrudisha likamfikia Joseph Whipple, mkusanya ushuru wa forodha pale. Naye alikuwa mtumishi wa serikali, naye alikuwa na ajira ya kulinda. Alimtafuta huyo binti, akaongea naye, akaona amekimbia kwa sababu anautaka uhuru, akaandika hivyo. Hakumpakia melini. Washington alikasirika, lakini hakumfukuza Whipple kazi. Ona akaishi New Hampshire hadi 1848.

Ila kinachoniumiza zaidi ni barua ya Juni 5, 1791, ambayo hatujaigusa. Mpishi, Hercules, aliambiwa ajiandae kurudi Virginia. Mtu akamnong'oneza sababu ya kweli. Hercules akaumia mno, kwamba wanamdhania atawakimbia, yeye aliyewatumikia kwa uaminifu. Lear akamwandikia Rais kuhusu uchungu huo kwa ufundi wake wote, jinsi mpishi alivyohuzunika kushukiwa, mpaka Bi. Martha akamruhusu abaki miezi itimie, ili aone kwamba anaaminiwa.

Lear alikuwa mle ndani. Alijua kwamba alichonong'onezwa Hercules ni kweli tupu, na kwamba kisingizio alichopewa kilikuwa uongo. Hakuandika hata mstari mmoja wa kusema kwamba mtu huyu angestahili kuambiwa.

Hercules alitoroka Februari 22, 1797, siku Washington alipotimiza miaka 65. Wiki chache baadaye mgeni mmoja pale Mount Vernon alimuuliza binti mdogo wa Hercules kama anasikitika kwamba hatamwona baba tena. Mtoto akajibu kwamba amefurahi sana, kwa sababu sasa baba yuko huru.