MREJESHO: Skrini ya boti iliyokuwa ikizima nikipiga stata

Asalaam alaykum wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kuhusu boti yetu ya faiba hapa Mkokotoni, tumetoa geji za mshale tukaweka skrini moja ya dijitali inaonesha mafuta, joto la mashine, kina na GPS, ikawa kila tukipiga stata skrini inazima inaanza upya, na kina kinakuja kinapotea.

Mlionambia nipime volti wakati wa stata Mungu awalipe. Betri ikitulia inasoma 12.6, ukipiga stata inashuka chini ya 10, na ule waya wa negativu tulipoumenya shaba ndani ishakuwa kijani kama mwani kwa chumvi. Tumeweka waya mpya wa shaba iliyopakwa bati, skrini tumeipa betri yake na fyuzi yake, sasa haipepesi hata kidogo.

Kina nacho, laini ya NMEA 2000 (waya wa data unaounganisha vifaa vya boti na skrini) inataka rezista ya omu 120 kila ncha, kwetu ncha moja ilikuwa tupu. Ukizima umeme ukapima baina ya waya mbili za data inatakiwa usome karibu 60, sie tulisoma 120. Tumeiweka, kina kimetulia.

Dira ya sumaku haitoki, kuvuka Pemba usiku kwa skrini peke yake mie sikubali, ila tumeisogeza mbali kidogo maana skrini ikiwa karibu inaipotosha.

Bado geji ya mafuta inacheza cheza kwenye mawimbi, anaejua settingi ya kuituliza anambie.